UTOTO KATIKA KIBANJA NA ELIMU YA MBUNI

Siku ya kununua kahawa, wanachama wanapongoja zamu ya mizani nje ya ghala la chama, mazungumzo ya wazee hayakawii kurudi utotoni. Mmoja hukumbuka fimbo aliyopewa ya kufukuzia kuku wasichakure kahawa iliyoanikwa. Mwingine hukumbuka wingu jeusi lililotanda ghafla juu ya vilima, na mbio za nyumba nzima kukunja mikeka. Vijana huyasikiliza maneno hayo kama hadithi za kupitisha wakati. Hata hivyo, katika kumbukumbu hizo imo sehemu kubwa ya elimu ya kahawa katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa. Makala haya yaeleza mambo ambayo mtoto wa kibanja alijifunza, sababu zake, na yale ambayo hayafai kurudiwa.

Kibanja kama darasa

Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba. Humo migomba, mibuni na maharage huota pamoja, na juu yake hutanda miti ya kivuli kama mitoma na misambya. Mtoto alikua katikati ya mimea hiyo kabla ya kujua kusoma. Alitumwa kukata majani makavu ya migomba na kuyatandaza chini ya mibuni, akatumwa kumwaga samadi ya ng'ombe au mbuzi penye shina. Wakati huo aliiona kuwa ni kazi tu. Baadaye alifahamu kwamba matandazo huhifadhi unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi, huzuia magugu, na yakioza hurudisha rutuba.

Alijifunza pia mipaka. Baba au babu alimpitisha pembezoni mwa kibanja na kumwonyesha mimea ya omuramura iliyopandwa kutenganisha shamba na la jirani. Mtoto aliyeonyeshwa mpaka akiwa na umri wa miaka minane aliweza kuwa shahidi akiwa na umri wa miaka hamsini. Leo vibanja vinagawanywa miongoni mwa watoto wengi, na wengi wao wamekulia mijini. Mzee akifariki bila kuwaonyesha mipaka, huacha ugomvi pamoja na urithi.

Maua meupe na nyuki

Hakuna aliyekulia kibanjani asiyekumbuka harufu ya maua ya mibuni. Mvua za vuli zinapoanza, na siku saba hadi kumi zikapita, matawi hufunikwa na maua meupe yanayonukia kama asumini. Watoto walikatazwa kuyachuma na kutikisa matawi. Walikatazwa pia kuwachokoza nyuki waliokuwa wakivuma toka asubuhi.

Makatazo hayo yalikuwa na sababu. Kahawa ya asili ya sehemu hizi, na ambayo ndiyo inayolimwa zaidi hadi leo, ni robusta. Ua la mbuni wa robusta haliwezi kuzaa kwa chavua ya mti wake wenyewe. Lazima lipate chavua ya mti mwingine wa uzao tofauti, inayoletwa na upepo na wadudu. Kwa hiyo mkulima anayepanda miche ya aina moja tu, au anayepulizia dawa ya wadudu wakati wa maua, hujipunguzia mavuno kwa mkono wake. Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Tangu ugonjwa wa mnyauko fuzari uingie Mkoa wa Kagera katika miaka ya 1990, wakulima wamehimizwa kupanda miche bora inayostahimili ugonjwa huo, iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI). Miche hiyo huzalishwa kwa vikonyo, na vikonyo vya mti mmoja ni sawa na mti ule ule. Hivyo inapasa kuchanganya aina mbalimbali katika kibanja kimoja.

Sauti ndani ya ganda

Kazi iliyokumbukwa kuliko zote ni ya kulinda kahawa juani. Mtoto aligeuza buni mara kadhaa kwa siku, akafukuza kuku na mbuzi, na akaangalia mawingu. Jioni mama alichukua konzi moja, akaitikisa karibu na sikio la mtoto, na kumwuliza anasikia nini. Ikiwa buni zilikuwa kimya, kahawa ilikuwa bado. Ikiwa zililia kama kayamba, punje ilikuwa imeachana na ganda na kahawa ilikaribia kuwa tayari.

Kipimo hicho cha sikio hakilingani na mashine ya kupimia unyevu, lakini kinalenga jambo lile lile. Kahawa ya maganda inatakiwa ikauke hadi unyevu wa asilimia 12 hivi. Ikiwekwa ghalani kabla ya hapo huota ukungu, na ladha yake haiwezi kurekebishwa kwa kukoboa wala kwa kuchambua. Wazee wengine waliifundisha kazi hii vizuri, lakini wengine walianika juu ya udongo mtupu. Kahawa ya namna hiyo hunuka udongo na hupata ukungu upesi. Mkeka, turubai au kichanja cha kuanikia ni bora zaidi. Hapa kumbukumbu hazina budi kuchujwa kama buni zenyewe.

Mti wa mavuno ya miaka mingi

Katika Ulaya na Marekani zipo familia zinazopanda miti ya Krismasi kwa ajili ya kuuza. Mti mmoja huchukua miaka saba hadi kumi kufikia kimo cha kawaida cha sebuleni, kisha hukatwa na kazi huanza upya. Watoto wa mashamba hayo huhesabu umri wao kwa urefu wa miti. Mtoto wa Karagwe alihesabu kwa namna nyingine. Mbuni huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi, na ukikatwa matawi na kutunzwa huendelea kuzaa kwa miaka mingi. Mjukuu huchuma alipochuma babu. Kwa sababu hiyo mibuni mingi iliyopo leo imezeeka na inahitaji kukatwa ili ichipue upya, au kung'olewa na kupandwa miche mipya. Kijana aliyeurithi mti bila kurithi maarifa yake huuacha uzeeke, kisha husema kahawa hailipi.

Kumbukumbu zisizopendeza

Si kila kumbukumbu ni tamu. Wapo wanaokumbuka mgeni aliyeingia kibanjani buni zikiwa bado za kijani, akazunguka mti kwa mti pamoja na baba, kisha akatoa fedha. Msimu ulipofika, familia ilichuma na kuanika kama kawaida, lakini magunia yaliondoka usiku na hayakupita kwenye mizani ya chama. Huo ndio mtindo unaoitwa butura, yaani kuuza kahawa kabla haijavunwa.

Mfano wa hesabu utaonyesha hasara yake. Mkulima akichukua shilingi 60,000 mwezi Januari kwa ahadi ya gunia moja, na gunia hilo likawa na thamani ya shilingi 120,000 mwezi Juni, amelipa riba ya shilingi 60,000 kwa mkopo wa miezi mitano. Ni sawa na riba ya asilimia 100. Aghalabu shida iliyomsukuma ni sare na madaftari ya shule, ugonjwa, au msiba. Hivyo mtoto aliyeilinda kahawa juani ndiye aliyekuwa sababu ya kuuzwa kwake mapema, naye hakujua.

Wapo pia wanaokumbuka kwamba wakati wa mavuno madawati yalikuwa matupu. Baadhi yao hawakurudi shuleni. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kuajiriwa mtoto kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Kumfundisha mtoto kugeuza buni baada ya masomo ni malezi. Kumtoa darasani ili achume, au kumtwika gunia, ni kumdhulumu.

Wajibu wa vyama

Vyama vimepita katika mabadiliko mengi. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Chama Kikuu cha Karagwe (KDCU) kilianzishwa mwaka 1990, na Wilaya ya Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, wakulima wa pande zote mbili waliendelea kukihitaji. Ushirika umeweza kurejeshwa kwa sheria. Maarifa ya kibanja hayarejeshwi kwa sheria yakishapotea.

Hivyo basi, kila chama cha msingi kingefaa kufikiria mambo matatu. La kwanza, katibu awahimize wanachama wazee kuwaonyesha warithi wao mipaka mbele ya majirani, na kuandikisha mrithi katika daftari la chama wangali hai. La pili, zitengwe siku za likizo ambapo wazee na bwana shamba watawafundisha vijana pamoja kukata mibuni, kuchanganya miche na kuanika. La tatu, mkutano mkuu ujadili mfuko wa mikopo midogo ya Januari, ili mahitaji ya shule yasilipwe kwa buni mbichi.

Mzee anayengoja mizani nje ya ghala hatangoja miaka yote. Inafaa msimu huu akae na kijana kando yake, amtikisie konzi ya buni sikioni, na kumwuliza anasikia nini.