Kabla ya kuchimba barabara: ruhusa inayolinda amani



Wengi wenu mmetuuliza swali hili: kamati ya wakimbizi wa ndani ikitaka kupitisha tiyo ya maji chini ya barabara, kuzibua mtaro au kutengeneza daraja la miti, iombe ruhusa kwa nani? Wengine wanasema: "Barabara imekufa miaka mingi na serikali haifiki. Ruhusa ya nini?" Tunaelewa neno hilo. Lakini tumeona kwamba kazi nzuri iliyoanza bila ruhusa inaweza kuleta ugomvi mkubwa kuliko shimo lenyewe.

Tuliyoyaona mahali pamoja

Katika kijiji kimoja cha Kivu ya Kusini, chemchemi ilikuwa upande mmoja wa barabara na kambi upande wa pili. Vijana wa kambi walichimba mtaro, wakalaza tiyo, wakarudisha udongo bila kuushindilia. Kazi ya siku moja. Mvua ya kwanza iliponyesha, udongo ulizama. Siku ya soko lori lililobeba mihogo likakwama palepale, na magari yote nyuma yake yakasimama. Wenyeji wakasema: "Wageni wametuulia barabara." Watu wasio na kazi yoyote ya serikali wakaja kudai faini. Jioni mawe yalirushwa.

Maji yalihitajiwa na pande zote mbili. Kilichokosekana ni mazungumzo kabla ya jembe. Baadaye kamati mbili, ya kambi na ya kijiji, ziliandika barua moja, zikachimba tena kwa kina zaidi, nusu ya barabara kwanza ili magari yapite upande mwingine, kisha nusu ya pili. Leo pande zote zinachota maji hayo.

Barabara ni ya nani?

Kwa sheria ya Kongo, barabara ya watu wote ni mali ya serikali, pamoja na kando zake na mitaro yake. Lakini si ofisi moja inayosimamia barabara zote. Kwanza jueni barabara yenu ni ya aina gani:

- Barabara kubwa za taifa, kama RN2 inayopita Bukavu, Goma, Butembo na Beni, au RN5 inayopita Uvira, Baraka na Fizi, pamoja na zile za jimbo, ziko chini ya Office des Routes.
- Barabara za ndani ya miji ziko chini ya Office des Voiries et Drainage (OVD), pamoja na ofisi za mji na za komini.
- Barabara ndogo za kutoa mazao mashambani zinafuatwa na huduma ya maendeleo ya vijijini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la DVDA. Hapa usultani au sekta ina neno kubwa, kwa kuwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazihesabu kati ya sehemu zinazojiongoza zenyewe.

Msimu wa mvua, barieri ya kuzuia malori mpaka udongo ukauke ni jambo la kawaida. Wanaoisimamia barieri hiyo kwa haki mara nyingi wanajua barabara ni ya ofisi gani. Waulizeni.

Hatua za kufuata

1. Anzeni na wanaokaa kando ya barabara. Udongo mtakaouchimba utawekwa wapi? Maji ya mtaro yatamwagikia shamba la nani? Je, kuna makaburi au miti ya mpaka? Ulizeni pia kama vita vilipita hapo na mabomu yalibaki ardhini. Kama kuna shaka, msichimbe mpaka wataalamu wapaangalie.
2. Mwoneni chifu wa kijiji. Mwombeni aite mkutano wa wenyeji na wakimbizi, wanaume kwa wanawake.
3. Andikeni barua moja ya kamati zote mbili. Semeni mahali penyewe, kazi gani, urefu na kina cha mtaro, siku ya kuanza na ya kumaliza, magari yatapita wapi, na nani atakayerudi kushindilia udongo ukizama.
4. Pelekeni barua kwa ofisi inayohusika, na kopi kwa msimamizi wa teritware (AT) na kwa mkubwa wa usultani au sekta. Bakini na kopi yenye muhuri na tarehe. Mkiambiwa kulipa, ombeni risiti.
5. Ngojeni jibu la maandishi. Likija, lisomeni mbele ya watu wote.
6. Kabla ya kuanza, wajulisheni madereva na watu wa soko. Wekeni alama mbali, pande zote mbili za kazi, na usiku msiache shimo wazi.

Neno la hadhari: msiambatanishe orodha ya majina ya wakimbizi na vijiji walivyotoka. Karatasi husafiri, na inaweza kufika mikononi mwa mtu anayewatafuta. Majina ya wakubwa wa kamati yanatosha, tena kwa kukubali kwao. Na pale ambapo wenye silaha ndio wanaoshika barabara, msiende peke yenu. Tafuteni ushauri kwa makanisa, misikiti na sosiete sivili. Mara nyingine hekima ni kuahirisha kazi.

Ruhusa haitoi haki hizi

Haiwapi haki ya kuweka barieri na kutoza wapita njia, hata kama mmetoka jasho. Barieri ya kijana mwenye jembe leo inaweza kuwa ya mwenye bunduki kesho.

Haiwapi haki ya kulazimisha watu kazi. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inakataza kazi ya kulazimishwa. Kama shirika linalipa vibarua, wachukuliwe kutoka kambini na kijijini pia, na hesabu zionyeshwe wazi.

Haiwapi haki ya kuchukua shamba la mtu. Kifungu cha 34 kinalinda mali, na serikali yenyewe inapaswa kutoa fidia ya haki kabla ya kuichukua kwa faida ya wote.

Ndugu zetu wakimbizi, msiogope kuomba. Ninyi ni raia, na barabara ni yenu pia. Mkiomba pamoja na wenyeji, mnakata mapema uvumi kwamba mmekuja kuteka ardhi.

Maswali ya kujadiliana

- Barabara inayopita kwetu iko chini ya ofisi gani?
- Nani ataumia kazi yetu ikiharibika, na je, tumeshazungumza naye?
- Mvua ikirudi, nani ataangalia mtaro: kambi, kijiji, au wote kwa zamu?