Lindi ya Kibera wakati wa baridi

Mwezi wa Julai, mbingu za Nairobi hufunikwa na mawingu mazito, na asubuhi za Lindi, mojawapo ya vijiji vya Kibera, hupambazuka kwa moshi. Anayeteremka vichochoro vyake kwa miguu huwaona akina mama wakikaanga mandazi vibarazani, watoto wenye sweta za shule wakiruka mitaro, na mitungi ya manjano ikipangwa foleni penye bomba. Usiku, baadhi ya watu huingiza majiko ya makaa vyumbani na kufunga milango ili wapate joto. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kumuua mtu usingizini.

Mwanaisimu atembeapo hapa huvutwa pia na majina. Katika Kiswahili, lindi ni shimo refu. Ndiyo maana waandishi wengi hupenda kusema kwamba wakazi wa mitaa kama hii wamezama katika “lindi la umaskini.” Tamathali hiyo ni rahisi mno, tena ni dhuluma. Mama anayewasha jiko alfajiri ili wanawe walipiwe karo hajazama popote.

Jina Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi, wazawa wa askari wa Sudan waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha yao ni krioli iliyozaliwa na Kiarabu. Mwaka 1917, jeshi hilo lilipigana na Wajerumani karibu na mji wa Lindi, bandari ya kusini mwa Tanzania. Je, jina lilisafiri na askari wale?

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwaka 2017, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 za Kibera. Hatimiliki hutaja mipaka ya ardhi, lakini masimulizi ya majina yamo vinywani mwa wazee, nao hawatadumu milele. Walimu, watumeni wanafunzi wenu wakati wa likizo wakayaandike. Na wakiwa huko, wawakumbushe wenyeji wao kulitoa jiko nje kabla ya kulala.