Hifadhidata ipi yafaa kwa kompyuta kuukuu?



Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha redio nilikokuwa nikifanya kazi ughaibuni, tulipokea taarifa ya kifo cha mzee mmoja aliyewahi kuhojiwa nasi. Kanda ya mahojiano hayo ilikuwepo rafuni, miongoni mwa kanda nyingi zisizokuwa na maelezo ila namba. Orodha ya namba hizo ilikuwa ndani ya kompyuta moja tu, katika programu iliyokwisha kuachwa na watengenezaji wake. Siku hiyo kompyuta ile ilikataa kuwaka. Matangazo ya jioni yakaenda hewani bila ya sauti ya marehemu.

Kisa hiki si cha redio peke yake. Zahanati, shule na vyama vya ushirika vingi vingali vikitegemea kompyuta za zamani, na si rahisi kupata fedha za kununua mpya. Je, anayetaka kuhifadhi kumbukumbu katika hali hiyo achague programu gani? Kanuni ya msingi ni moja: kompyuta kuukuu ipewe kazi ndogo iwezekanavyo, na data iweze kuihama wakati wowote.

Swali la kwanza ni idadi ya watumiaji. Ikiwa mtumiaji ni mmoja, SQLite yatosha. Programu hii, iliyoanzishwa na Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000, haina malipo, haihitaji seva, na hifadhidata yake nzima huwa faili moja. Kuipatia nakala ya akiba ni kuifunga programu na kunakili faili hilo.

Ikiwa watumiaji ni wengi, hali hubadilika. Wengi hufanya kosa la kuliweka faili hilo katika folda ya pamoja ili kila mmoja alifungue kutoka kwenye meza yake. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wanatahadharisha juu ya jambo hilo, kwani watu wawili wakiandika kwa pamoja kupitia mtandao, data yaweza kuharibika. Lililo bora ni kutenga kompyuta moja yenye nguvu zaidi iwe seva, na kuiwekea PostgreSQL, ambayo chimbuko lake ni mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wa mwaka 1986, au MySQL, iliyotoka mwaka 1995. Kompyuta nyingine zitahitaji kivinjari tu, mradi kurasa ziandaliwe na seva na ziwe nyepesi. Mpango kama huo wa seva na kivinjari ndio unaotumiwa na DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao Kenya iliuanza nchi nzima mwaka 2011.

Swali la pili ni lugha ya kuandikia programu. Lugha nazo huziacha nyuma kompyuta za zamani. Python 3.4 ndiyo ya mwisho kukubali Windows XP, na 3.8 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7. Free Pascal, pamoja na zana yake ya Lazarus, hutoa programu inayojitegemea, isiyohitaji mzigo mwingine kuwekwa kwanza. Lugha yoyote itakayochaguliwa, programu ijaribiwe kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote ofisini, wala si kwenye ile ya fundi.

Swali la tatu ni usalama. Microsoft ilisitisha msaada kwa Windows XP mwezi Aprili 2014, kwa Windows 7 mwezi Januari 2020, na kwa Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Kompyuta zilizoachwa bila kinga zibaki katika mtandao wa ndani, zisiunganishwe na intaneti. Wako wanaohamia Linux, lakini hata huko pana mipaka: toleo la 13 la Debian, la mwaka 2025, haliwekwi tena kwenye kompyuta za biti 32.

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya data huoza, isipokaguliwa. Kila mwezi, data itolewe katika faili la maandishi ya kawaida, kama vile CSV, ambalo programu yoyote yaweza kulisoma, kisha ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba imo yote.

Kanda ya yule mzee tuliipata baadaye, baada ya kuzisikiliza moja baada ya moja. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kumaliza matanga.