KUNUNUA MICHEZO YA MAJIKI: TUFUNGUE MACHO



Mnakumbuka kwamba kwa sikukuu ya kufunga mwaka uliopita tuliahidi kuwaonyesha michezo ya majiki, kisha hatukuonyesha kitu. Wengine walisema tuliogopa. Hapana, tulidanganywa. Sisi makapita tumeona vema kueleza namna gani, kwa sababu tumesikia wadogo zetu wa mwaka wa tatu wameanza kuchanga feza kwa jambo lilelile.

Tuliona tangazo katika telefone. Mtu anaweka karata juu ya kioo cha dirisha, anapiga kwa mkono, na karata inapita upande wa pili. Maandiko yalisema: hakuna uzi, hakuna sumaku, hata mtoto anaweza. Tulikuwa watano, tukatoa falanga elfu tano kila mmoja, tukatuma. Kisha majuma matatu ikafika bahasha. Ndani tulikuta karata mbili na karatasi ya maelezo: rafiki yako asimame inje ya dirisha, naye ashike karata ya pili. Mmoja wetu akasema: «Kumbe ni hivi tu? Banatuibia!»

Tulikasirika sana, kisha tukasoma tangazo tena polepole. Hatukuona neno hata moja la bongo! Uzi hapana, sumaku hapana, na mtoto anaweza kweli. Tangazo lilieleza kile mtazamaji anachoona, likanyamaza juu ya kile mchezaji anachopaswa kufanya. Sisi tulinunua kama watazamaji.

Hapa Kapolowe hakuna mama anayenunua samaki wa ziwa bila kumfungua mashavu. Lakini mchezo wa majiki ni samaki ambaye muuzaji hakubali umfungue, na ana haki, kwa kuwa siri ndiyo bidhaa yenyewe. Akikuambia siri mbele, utanunua nini tena? Basi mdanganyifu anajificha fasi ileile anapokaa muuzaji wa kweli.

Kwa hiyo usimuulize siri, muulize mambo yanayoizunguka. Watu wakikaa nyuma yangu wataona? Nahitaji msaidizi? Je, kuna kitu kinachokwisha, kama ile karatasi inayowaka mara moja, ambacho nitanunua tena kila mara? Mazoezi ni ya siku moja ao ya miezi? Na likisemwa «kagueni wenyewe», uliza kama watu watashika kitu hata kisha mchezo, maana mara nyingi ni mbele tu. Muuzaji wa kweli anaweza kujibu haya yote na siri yake ikabaki. Wetu tulimwandikia mara mbili, akanyamaza. Tena angalieni filme vizuri: kama picha inakatwa pale karata inapogusa kioo, mchezo haukufanyika mikononi mwa mtu.

Ujanja huu si wa leo. Katika miaka ya 1960 na 1970, magazeti ya vijana ya Marekani yalitangaza miwani ya kuona mifupa ndani ya mkono, biashara ya Harold von Braunhut. Miwani za kwanza zilikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu unyoya wa ndege. Unyoya unagawanya mwangaza, unaona kidole mara mbili, na pale picha mbili zinapolaliana panakuwa peusi kama mfupa. Watoto walituma feza zao kwa posta, wakapata unyoya.

Lakini kuna matangazo mengine ambayo si mchezo hata kidogo: pochi inayozaa feza, ao bic inayojibu Egzeta yenyewe. Mwenzetu mmoja alituma minervali yake yote kwa pochi kama hiyo, na alipofukuzwa darasani hakuweza kumwambia baba yake sababu. Mwenye pochi inayozaa angetafuta minervali ya mtoto kwa nini?

Katika historia tunakuta jambo linalofanana. Robert-Houdin wa Ufaransa alikuwa na kisanduku ambacho mtoto anakiinua, kisha mtu wa nguvu anashindwa, kwa sababu chini yake kuna sumaku ya umeme. Huko Paris alikionyesha kama mchezo, watu wakapiga makofi. Mwaka 1856 serikali yake ilimtuma Algeria kuwashangaza wenyeji, na kule watu waliambiwa kwamba yeye anaondoa nguvu za mwanaume. Sumaku ilikuwa ya namna ileile.

Wa mwaka wa tatu, kama mmekwisha kuchanga lakini hamjatuma, mje kwetu kwanza na tangazo lenu, tulisome pamoja. Zile karata zetu mbili ziko katika kabati ya makapita, anayetaka anaweza kuziona bure. Na kwa sikukuu ya mwaka huu tutaonyesha kamba inayokatwa na kuunga tena. Tulifundishwa na mwalimu mmoja, hatukulipa hata falanga. Huo hatuelezi.