Aqaba ya Al-Hada na Mpaka wa Ihramu

Aliyesoma Juzuu Amma chuoni analijua neno al-aqaba tangu utotoni, kwani limo katika Suratul Balad. Kwa Kiarabu ni njia ngumu ipandayo mlimani, na katika sura hiyo Mwenyezi Mungu Mtukufu ameifanya kuwa mfano wa kumkomboa mtumwa na kumlisha yatima siku ya njaa. Wiki hii twazungumzia aqaba ya mawe na lami, ile ya Al-Hada, iliyo baina ya Makka na Taif. Jamaa zetu wengi waendao umra hupelekwa Taif kwa ziara, na wakati wa kurudi mlima huo una hukumu yake katika sharia. Wako wanaoipita hukumu hiyo wamelala garini.

Makka iko bondeni, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari. Al-Hada iko karibu na mita 2,000. Baina yao umesimama ukuta wa milima ya Sarawat, na zamani wenye ngamia waliupanda kwa njia iliyotandikwa mawe, ambayo sehemu zake zaonekana hadi leo. Barabara ya magari ilifunguliwa mwaka 1965, zama za Mfalme Faisal. Mjenzi wake alikuwa Muhammad bin Awadh bin Laden, Mhadhrami aliyetoka kwao akiwa fukara, akaanza kazi Jeddah kwa kubeba mizigo. (Jina hilo leo lina kumbukumbu nyingine kwa watu, lakini hapa twamtaja mzee mwenyewe, aliyefariki mwaka 1967.) Husimuliwa kwamba alimswaga punda ateremke gengeni apendavyo, kisha akaifuata njia aliyoichagua yule mnyama na kuifanya ramani ya barabara. Iwe ni kweli au ni maneno ya barazani, anayetazama zile kona zinavyojikunja hushawishika kuamini. Nyani hukaa ukingoni wakingoja wapita njia wawatupie chakula, na watoto huwafurahia kuliko kitu kingine chochote cha safari hiyo.

Lakini Taif kwetu si mji wa hewa baridi na zabibu tu. Mwaka wa kumi wa utume, baada ya kufiwa na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib, Bwana Mtume (S.A.W.) alikwenda huko pamoja na Zayd bin Haritha kuwalingania Thaqif. Walimkataa, wakamchochea wapumbavu wao wampige mawe mpaka miguu ikachuruzika damu. Bibi Aisha (R.A.) alipomwuliza baadaye kama iliwahi kumfika siku nzito kuliko ile ya Uhud, yeye alitaja siku ile. Alieleza kwamba aliondoka akiwa na majonzi, wala hakupata kujitambua ila alipofika Qarn al-Tha'alib. Hapo ndipo Malaika wa milima alipomjia kutaka idhini awaangamize watu wale, naye akakataa kwa kutaraji kwamba Mola atatoa katika migongo yao watakaomwabudu Yeye peke yake.

Wanachuoni wengi wamesema Qarn al-Tha'alib ndiyo Qarn al-Manazil, na hiyo ndiyo mikati ya watu wa Najd na ya kila anayepita upande huo akiwa amekusudia hija au umra. Bonde hilo ni refu. Anayerudi Makka kwa njia ya as-Sayl al-Kabir, isiyo na mteremko mkali, hunuia kwenye msikiti wa huko. Anayerudi kwa Al-Hada hunuia Wadi Mahram, juu mlimani, kabla ya kuteremka.

Basi aliyetoka Makka kwenda Taif kutembea tu, wala hana azma ya umra nyingine, kwa madhehebu yetu ya Shafii halazimiki kuhirimia anaporudi. Aliyekusudia umra hana ruhusa kupita hapo bila ya nia. Wako wanaowaambia wenzao, "Tutanuia Tan'im, kwa Bibi Aisha." Hilo halimfai aliyepita mikati na nia yake moyoni. Ni wajibu wake arejee. Akihirimia mbele ya mikati asirudi, inampasa kuchinja mnyama.

Wanaoangukia zaidi katika shida hii ni wanawake walio katika hedhi. Mama huambiwa, au hujiambia, kwamba kwa kuwa haswali basi hana haja ya kuhirimia mpaka atwaharike. Huteremka na wenzake bila ya nia, kisha siku ya tatu akitwaharika huanza kuuliza afanye nini. Jawabu lilikwisha kutolewa zama za Mtume mwenyewe. Asma bint Umays (R.A.) alijifungua Dhul-Hulayfa, katika safari ya Hija ya kuaga, akaamrishwa aoge, ajifunge kitambaa, na ahirimie. Ikiwa mzazi wa siku hiyo hiyo hakuzuiliwa, mwenye hedhi atazuiliwaje? Aoge, anuie, alete talbiya pamoja na wenzake. Kutufu ndiko atakakokungojea mpaka atwaharike, naye atabaki katika ihramu yake muda wote huo. Nguo zake ni zile zile za kawaida za sitara. Aache nikabu na glavu tu.

Kuna jambo jingine, dogo kwa sura. Taif ni mji wa mawaridi, na akina mama wa pwani tunawajua kwa uturi. Vichupa vya mafuta ya waridi vinunuliwe na vifungwe mzigoni kabla ya nia. Mwenye kuhirimia akijipaka tone moja mkononi ili ajaribu harufu, hali akijua kuwa ni haramu, fidia imemwajibikia. Aliyesahau au asiyejua hana kitu, ila aoshe mara akumbukapo.

Na dereva aambiwe mapema, mkiwa bado Taif, kwamba gari lisimame Wadi Mahram. Mteremko ukishaanza, si rahisi kuligeuza.