Kuku wa Shingo Tupu na Kidimu: Mtazame Jogoo Kwanza

Wakati wa kaskazi joto la Takaungu ni kali, na kuku mwenye manyoya mengi hutweta kutwa chini ya mwembe wala hali vizuri. Kuku wa shingo tupu, ambaye wengine humwita kishingo, hupoa upesi zaidi, basi huendelea kula na kukua. Mkulima anayetaka kuwazidisha na ajue sifa hii inavyorithiwa, kwani jogoo akichaguliwa ovyo, mayai ya msimu mzima yaweza kuanguliwa bila kupata kuku aliowataka.

Kila kifaranga hupewa urithi wa manyoya sehemu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sehemu moja tu ya shingo tupu yatosha kuonekana. Mshike jogoo wako, umtazame mbele ya shingo, juu kidogo ya mfuko wa chakula. Akiwa na kishungi cha manyoya hapo, anayo sehemu moja. Kwa mitetea wa kawaida atakupa vishingo kama nusu ya vifaranga. Asipokuwa na kishungi, au akiwa na vinyoya viwili vitatu tu, anazo zote mbili, na kwa mitetea walewale vifaranga wote watakuwa vishingo. Huyo ndiye wa kutafuta, hata kwa bei ya juu kidogo.

Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopinda nje, yataka hadhari. Mtu akiwapenda huweka jogoo kidimu na mitetea vidimu, akidhani atapata vidimu watupu. Kumbe kama robo ya vifaranga hupata sehemu mbili; manyoya yao hukatika ovyo, wakabaki karibu uchi, jua likawachoma na mvua za masika zikawadhoofisha. Kidimu mpe mwenziwe wa manyoya ya kawaida. Nusu watakuwa vidimu, wala hapatakuwa na aliye uchi.

Rangi nyingine hujificha. Iko aina ya weupe ambayo jogoo mweupe akipanda mitetea wa rangi, haionekani kwa watoto, bali hurudi kwa wajukuu, mmoja katika wanne. Huko Marekani wako watu wafugao nyumbani nyoka wasio na sumu kwa ajili ya rangi zao (kila mtu na mapenzi yake), nao huwapata zeruzeru kwa hesabu hiyohiyo.

Hesabu hizi hazifai kitu ikiwa jogoo wa jirani huingia uani. Watenge mitetea, kisha ngoja majuma matatu kabla ya kuweka mayai ya kuatamiwa, kwa sababu mbegu ya jogoo wa zamani hukaa mwilini mwao siku nyingi. Vifaranga wafungwe uzi wa rangi mguuni, ulegezwe wanapokua. Mabinti wakianza kutaga, jogoo baba aondolewe, ukabadilishane na mkulima wa mbali kidogo.