Nasaba ya Gwynedd: Ndugu Wanne, Kiti Kimoja

Katika lugha ya watu wa Wales, neno “ap” ndilo “bin” letu. Ukimsikia Llywelyn ap Iorwerth, basi ni Llywelyn bin Iorwerth, mtawala wa Gwynedd, kaskazini mwa nchi hiyo, aliyefariki mwaka 1240. Walimwita Llywelyn Mkuu. Kwao nasaba ndiyo iliyokuwa hati ya mtu ya kudai ardhi.

Huyu bwana alikuwa na wana wawili waliogombewa. Mkubwa, Gruffudd, mamake Tangwystl hakuwa mke wa ndoa ya kanisa. Mdogo, Dafydd, alizaliwa na Joan, binti wa Mfalme John wa Uingereza. (Na Joan mwenyewe alizaliwa nje ya ndoa, lakini hilo halikumzuia mtu!) Sheria ya kale ya Wales ilisema mwana akishakubaliwa na babake hurithi, mamake awe nani, na ardhi hugawanywa baina ya ndugu wanaume. Msomaji aliyesoma mirathi ataiona tofauti: kwetu mtoto wa nje humrithi mamake, si babake, na binti ana fungu lake, kule binti hakupewa ardhi.

Llywelyn aliona kuigawa dola ni kuiua. Akamtawaza Dafydd peke yake, na mwaka 1222 Papa Honorius wa Tatu akaliidhinisha jambo hilo. Gruffudd akaishia kifungoni katika Mnara wa London. Tarehe 1 Machi, 1244, alijaribu kutoroka kwa kamba ya mashuka; ikakatika, akaanguka akafa. Dafydd naye akafa mwaka 1246, hana mtoto.

Kiti kikawarudia wana wanne wa yule aliyenyimwa: Owain, Llywelyn, Dafydd na Rhodri. Hapo ndipo fitina ilipokolea. Mwaka 1255, penye vita vya Bryn Derwin, Llywelyn aliwashinda Owain na Dafydd, akamtia Owain kifungoni hadi 1277. Mwaka 1267 Mfalme Henry wa Tatu alimtambua kuwa Mwanamfalme wa Wales. Cheo kikubwa, lakini kwa maoni yangu kilisimama juu ya minyororo ya nduguye. Dafydd alimkimbilia Edward wa Kwanza, akarudi, na ndiye aliyewasha vita vya 1282. Llywelyn akauawa tarehe 11 Desemba mwaka huo. Dafydd akanyongwa na kukatwakatwa Shrewsbury mwaka 1283.

Watoto ndio wanaotia uchungu. Gwenllian, binti pekee wa Llywelyn, alikuwa mchanga. Akapelekwa kwa watawa wa Sempringham, akakaa huko mpaka kufa, mwaka 1337. Wana wa Dafydd walifungwa Bristol. Mwaka 1305 iliamriwa Owain bin Dafydd alazwe usiku ndani ya kizimba cha mbao kilichofungwa kwa chuma.

Rhodri alikuwa ameshauza haki yake, akaishi Uingereza kimya kimya. Mjukuu wake, Owain Lawgoch, akaidai enzi hiyo kutoka Ufaransa, mpaka jasusi wa Waingereza alipomuua Mortagne mwaka 1378.